Kura za Anastasie

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani marefu walipotoka Kasongo, na Clovis, aliyeketi nyuma ya pikipiki, alimwona mke wake akitembea mbele yao. Alikuwa na jembe begani na kitenge cha manjano kiunoni, anakwenda kama mtu asiye na haraka. Kila pikipiki ilipomkaribia, ukungu ulimmeza, akatokea tena mbele zaidi. Clovis hakushtuka. Tangu wamzike wiki iliyopita, Anastasie alikuwa anamtokea hivyo: kwenye mlango wa jikoni, kwenye foleni ya maji, ng'ambo ya mto. Hakuwahi kugeuka.

"Baba Clovis, shika kofia!" alipaza sauti Pitchou, aliyekuwa anaendesha. "Upepo ukiibeba, kampanye imekwisha."

Clovis akaishika. Ilikuwa kofia nyekundu ya chama, iliyoshonwa na fundi wa sokoni, na chini yake kichwa kilikuwa kitupu kama kibuyu. Shemeji yake, kaka wa Anastasie, ndiye aliyemnyoa siku ya maziko, kama wanavyonyolewa wanaume waliofiwa na wake zao. Mtu yeyote wa njia ile, kutoka Nyangwe hadi Kabambare, angekiona kichwa hicho na kuelewa bila kuuliza. Hicho ndicho Pitchou hakukitaka.

Anastasie alikuwa ameandikishwa kugombea udepite, kiti cha bunge la jimbo, kwa chama kidogo kilichoitwa Jembe la Wote. Hakikuwa na chumvi wala fulana za kugawa kama vyama vikubwa. Kilikuwa na neno moja: njia ni ya wanaoipita na mizigo, kwa hiyo vile vizuizi vya kamba, ambako kila mama mwenye mpunga alitozwa bakuli zima kabla ya kuruhusiwa kupita, viondolewe. Na kilikuwa na namna yake ya kuomba kura. Wakifika kijijini, kwanza walilima shamba la watu mpaka jua lipande, ndipo waliposema. "Mgongo kwanza, mdomo baadaye," alikuwa akisema Anastasie.

Kisha homa ikamchukua. Jina na picha yake vilikuwa tayari vimeingia kwenye mashine ya kura. Akishinda, kiti kingekuwa cha Régina, muuza mchele wa Kasongo aliyeandikwa chini yake kama mtu wa kumrithi. Lakini nani alimjua Régina? Pitchou, mwalimu wa shule ya msingi aliyeongoza kampeni, alilipima jambo hilo usiku na mchana, akaona njia moja tu. Upande wa Wamaza mvua zilikuwa zimekata barabara ya magari, na habari ya kifo ilikuwa haijafika. Isifike mpaka watu wapige kura. Na mume aende nao, ili aonekane. Mume akiwepo, nani atauliza sana?

Clovis alikubali. Wenzake walidhani ni kwa ajili ya vizuizi. Yeye alijua sababu nyingine, na hakumwambia mtu. Kule Wamaza, mke wake alikuwa bado hajafa. Kulikuwa na mahali duniani ambako angeweza kuulizwa, "Bibi yako hajambo?" naye akajibu.

Aliulizwa hata kabla hajashuka kwenye pikipiki katika kijiji cha kwanza.

"Weye! Na bibi yako iko wapi?" Aliyeuliza alikuwa Mama Waridi, mkubwa wa wanawake wa shamba la pamoja, mwanamke mrefu aliyeshika jembe kama wengine wanavyoshika mwavuli. "Atutumie mume, yeye abakie analala?"

"Iko ku Kindu," Pitchou alidakia. "Iko natafuta dawa. Homa kidogo."

"Nimeuliza mwenye bibi, mwalimu. Weye bibi yako tunamujua, ni ile kinywa yako."

Wanawake wakacheka. Régina, aliyekuja kwa pikipiki ya pili, akainama akafunga upya kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Homa kidogo," alisema Clovis. Maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni mwake kama muwa.

Walilima. Udongo ulikuwa mzito na wenye kunukia, ukungu ukapanda polepole ukabaki umening'inia kwenye michikichi, na wanawake walimleta Anastasie pale shambani kwa maneno yao. Walisema anaimba vibaya kuliko chura. Walisema siku ile ya mkutano mkubwa alisinzia katikati ya hotuba ya Pitchou. Walisema aliwahi kukalia kamba ya kizuizi kama mtoto anayebembea, mpaka wenye kizuizi wakacheka wakaishusha. Mengine Clovis hakuwahi kuyajua. Alikuwa akiyasikia kama habari za mtu atakayerudi jioni. Kwenye mstari wa pili aliona kitenge cha manjano kikiinama na kuinuka, na safari hii hakutaka kuangalia mara mbili, asije akakuta ni cha mtu mwingine.

Jasho lilimtiririka chini ya kofia. Moustapha, mzee mwembamba mwenye kofia ya msikitini aliyelima karibu naye, akamwambia, "Ondoa hiyo kitu, kijana, kichwa nacho kinapumua."

"Mbona weye hauondoi yako?"

"Yangu ni ya Mungu. Yako ni ya depite."

Jua lilipopanda waliacha majembe, wakakusanyika kwenye kivuli cha ukumbi wa nyasi. Mama Waridi akamwekea Clovis mapajani kikapu cha karanga na samaki wa kukaushwa. "Umupelekee. Akule, apate nguvu, arudie hapa mbele ya siku ya kura. Mwambie Waridi amekasirika, asitumagie wanaume."

Clovis akakishika kikapu kwa mikono miwili. Kilikuwa na joto la jua, na uzito wa kitu kinachokwenda kwa mtu aliye hai. Aliwaza barabara ya kurudi, na mlango, na nyumba isiyo na wa kukipokea.

Pitchou alisimama ili aanze hotuba, lakini Gérard, katekista wa kijiji, akamzuia kwa mkono. "Mwalimu, mbele ya maneno, tuombe. Tena leo tuko na mugonjwa. Tumuombee Mama Anastasie, Mungu amusimamishe. Banaume, kofia."

Wanaume wakavua. Moustapha na Waislamu wenzake wakabaki na kofia zao, wakafungua viganja. Hapo ndipo Pitchou, aliyehesabu kila kijiji na kila kivuko, alipotambua kwamba hakuihesabu sala. Akamwinamia Clovis sikioni: "Bakia nayo. Ufanye kama Moustapha."

Gérard alikuwa ameanza. "Baba, mutumishi wako Anastasie iko na homa kule mbali. Umuguse. Umuinue ku kitanda..." Wanawake wakaitikia kwa sauti ya chini, macho yamefumbwa. Walimwombea kweli. Clovis aliiona sala yao ikitoka ukumbini, ikipita juu ya mpunga na kuvuka mto, ikizunguka Kindu yote kitanda kwa kitanda, ikimtafuta mtu asiyekuwepo. Ingezunguka mpaka lini? Nani angeiita irudi?

Akavua kofia.

Mama Waridi ndiye aliyefumbua macho kwanza. Alikiangalia kichwa kile. Akainua mkono kumkatisha Gérard.

"Clovis," alisema Waridi polepole. "Nani alikunyoa?"

"Shemeji yangu."

Hakuna aliyehitaji zaidi. Kilio kilianza kwa Waridi, kikashika ukumbi mzima kama moto unavyoshika nyasi za paa. Moustapha alisema, "Sisi ni wa Mungu, na kwake tunarudi," akaketi chini palepale. Mikeka ikaletwa. Clovis akawekwa katikati, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akalia kwa sauti.

Baadaye Waridi alipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akamgeukia Pitchou. "Weye mwalimu. Ulitaka tumuombee maiti apone?"

"Mama, nilitaka tushinde. Mukijua, mutasema kura ya mutu wa kufa imepotea. Mutaipeleka kwa mwenye chumvi."

"Ulituuliza lini? Mwenye chumvi anatudanganya, lakini huyo hakutulimia shamba. Weye ulitulimia, kisha ukatudanganya. Nani mubaya kupita mwenzake?"

Pitchou akafunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Anastasie ndiye aliyemwingiza chamani, akiwa bado kijana asiyejua kushika jembe.

"Na huyu wa kurithi ni nani?" aliuliza Waridi. "Asimame tumuone."

Régina alisimama. Alisema vibaya, akajirudia, akasahau vizuizi, akavikumbuka, akasema yeye si Anastasie na hataimba. Alisema picha kwenye mashine itakuwa ya marehemu, lakini atakayeketi ni yeye, na wakimwona amekaa kimya waje Kasongo sokoni wampindulie mizani. Hakuna aliyempigia makofi, kwa kuwa ilikuwa matanga. Waridi alisema tu, "Tumesikia. Tutaongea sisi kwa sisi."

Kesho yake walifika kijiji kilichofuata, nyuma ya kilima. Pitchou hakumpangia mtu neno lolote. Walilima, na jua lilipopanda Clovis, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu, akasimama kabla ya wote, kichwa wazi.

"Miye ni mume wa Anastasie," alisema. "Anastasie alikufa. Tulimuzika Kasongo. Nimekuja kuwaambia mbele hamujasikia kwa wengine, kisha Régina atawaomba kura."

Wanaume wawili nyuma waliinuka wakachukua majembe yao. "Twende," mmoja alisema, "kura si sadaka ya matanga." Wakaondoka bila kuaga. Pitchou aliwatazama wakipotea njiani, na midomo yake ikasogea kama anahesabu.

Waliobaki walisogea karibu. Bibi mmoja akatandika mkeka, akamwashiria Clovis aketi.

"Tuelezee," alisema. "Alikufaje?"

Clovis akaketi, akaanza tangu siku ya kwanza ya homa.