Vipele, Si Upele

Mzazi alikuwa ukingoni mwa kitanda, maziwa yamelowesha gauni kifuani, akimsikiliza mwanawe akilia chumba cha pili. Mwana wa tumbo lake mwenyewe, na bado alipaswa kumwomba!

"Nileteeni anyonye!"

"Subiri nimfunike asikuguse," wifi yake akajibu. "Upele hauchagui mtu, wifi."

Neno hilo ndilo lililomnyang'anya mtoto. Baada ya kujifungua, vipele vyekundu vya kuwasha vilimtapakaa tumboni na mapajani. Alimwambia wifi yake, "Nina vipele." Wifi akafika sebuleni akasema, "Ana upele." Neno lilipoingia jikoni lilikuwa limeota mapembe: sahani yake ikatengwa, taulo ikatengwa, na mtoto akahamishiwa chumbani kwa bibi yake. Mumewe, fundi umeme asiyeogopa kushika nyaya, aliogopa kushika mkono wa mkewe.

"Mama amesema tuvumilie kidogo," alinong'ona mlangoni.

"Wewe unavumilia nini, baba mzima? Usingizi?"

Kila asubuhi wifi alimmiminia dawa kwenye beseni la kuogea hadi maji yakageuka meupe. Kadiri alivyooga ndivyo alivyojikuna.

Siku ya kliniki, mama mkwe alimbeba mtoto, akamwacha mzazi afuate nyuma kama mgeni. Daktari aliitazama ngozi, akakunja uso.

"Unaoga na nini?"

"Na maji ya dawa," mama mkwe akadakia kwa fahari. "Ile ya sakafu, daktari. Binti yangu hapimi, anamimina."

"Mama, huyu si sakafu!"

"Lakini huo upele..."

"Si upele. Hivi ni vipele tu. Huwatoka baadhi ya wazazi na haviambukizi. Hiyo dawa ndiyo iliyomchubua. Aogeshwe kwa maji matupu, apakwe krimu hii. Na mtoto alale na mama yake."

Mama mkwe akacheka kidogo. "Basi, ulimi umeteleza tu."

"Umeteleza ulimi wenu, Mama, nikachubuka mimi," mzazi alisema. Akanyoosha mikono. "Nipe mwanangu."

"Tukifika nyumbani..."

"Hapa hapa, Mama."

Akapewa. Akamnyonyesha pale pale kwenye benchi, hakumtazama mtu.

Nyumbani alikirudisha kitanda cha mtoto chumbani kwake kwa mikono yake. Kisha akaichukua ile chupa ya dawa, akamkabidhi wifi yake.

"Wifi, choo kinakungoja. Mimina usipime."

Wifi akaipokea, akaelekea chooni. Jioni mume aliingia akitabasamu, akanyoosha mkono amguse mkewe begani. Mzazi akausogeza ule mkono taratibu, kama mtu aondoaye sahani isiyo yake.

"Mlisema tuvumilie," alisema, akamgeuzia mtoto titi la pili. "Haya, vumilia."