Mawe ya Zahanati

Secilia alikuwa amejifunza kuita majina bila watu kumwona anahema. Aliita mawili, kisha akainamia daftari kana kwamba mwandiko wake mwenyewe umempotea, akavuta pumzi, akaita mengine mawili. Kaya zote zilikuwa mia na nne. Zamani angezimaliza huku anamenya viazi. Sasa alipofika katikati kifua kilikuwa kimeshambana, na ukungu uliokuwa ukishuka kutoka mlima Magamba ulimkaa kooni kama moshi wa kuni mbichi.

"Yusta Kornelio."

"Nipo!"

"Marta Timotheo."

"Nipo, dokta!"

Walisimama kwenye uwanja uliochongwa ubavuni mwa mlima, wanawake na ngata zao, wanaume na nyundo na mitaimbo. Ilikuwa siku ya msaragambo. Kila Jumamosi kila kaya ilitoa mtu mmoja, na kila mtu alipandisha mawe kumi kutoka korongoni hadi hapo juu, ambapo kijiji kilikuwa kinajenga zahanati yake ya kwanza. Kuta zilikuwa zimefika kiunoni. Kutoka korongoni ni mwendo wa robo saa, kwa mwenye mapafu.

Secilia hakubeba mawe. Yeye alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, amesomea wiki tatu, watu wakampa udokta kwa utani mpaka utani ukasahaulika. Kazi yake siku ya msaragambo ilikuwa kuandika mahudhurio, akiwa ameketi juu ya tofali. Alimshukuru Mungu kwa lile tofali, na kila Jumamosi shukrani hiyo ilimtia aibu.

"Beatha Kristian."

Hakuna aliyeitika.

"Beatha Kristian," aliita tena, polepole, ingawa alijua vizuri Beatha yuko wapi. Alikuwa kizingitini kwake, chini kule kwenye migomba, amekaa kungoja pumzi irudi baada ya kumkamua mbuzi.

"Ya tatu hiyo," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Benjamini, mtendaji wa kijiji, kijana wa miaka thelathini na kitu asiyepaza sauti hata siku moja. Asubuhi hiyo alikuwa amemwamkia Secilia shikamoo kama kawaida yake, huku ameinama kidogo.

"Mara tatu mfululizo, dokta. Sheria ndogo tuliipitisha wote, mkutano mzima ulinyoosha mikono. Asiyefika mara tatu bila cheti, kinachukuliwa kitu nyumbani kwake mpaka amalize mawe yake. Yule mama ana nini?"

Secilia alijifanya anatafuta ukurasa. Aliyejibu ni Timotheo, mgambo. "Ana mbuzi wa maziwa, mtendaji. Hana kingine. Shamba lenyewe hawezi kulima siku hizi."

"Basi ni huyo mbuzi."

Katikati ya daftari palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Secilia aliiandika jana yake, kwenye baraza ya Beatha, Beatha mwenyewe akimwangalia mkono. Beatha ndiye aliyemwita. Alikuwa ametoka hospitali mjini, na daktari wa kule, binti mpole, alimpiga picha ya kifua, akamsikiliza mgongoni, mwisho akamwuliza: mama, ulipougua mwaka ule ulipimwa? Pana mahali paliandikwa ulikuwa na nini?

"Nikamwambia kwetu yuko mtu aliyeandika," Beatha alisema. "Si uliandika, mdogo wangu?"

Aliandika. Mwaka 2021, miezi ile ambayo kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa na kengele ya kanisa haimalizi wiki bila kulia kwa msiba, Secilia alijaza rejesta kurasa nzima. Maagizo yalifika kwa mdomo, hayakuja kwa barua: lile neno lisionekane, watu wasitiwe hofu, andika mafua. Na wafundishwe kujifukiza. Akafundisha. Alipita nyumba kwa nyumba na majani ya mkaratusi na malimao kwenye kikapu, na watu walimshukuru, wengine wakampa mayai.

Kwa Beatha alichemsha sufuria kwa mkono wake. Beatha alikuwa hoi, hawezi kumaliza sentensi. Mumewe, Kristian, alikuwa mzima, ametoka shambani na jembe begani, akasimama mlangoni kuangalia. Secilia ndiye aliyemwambia, "Ingia na wewe, shemeji. Ni kinga." Kristian akacheka, akavua kofia, akaingia chini ya blanketi na mkewe, vichwa vikigusana juu ya mvuke. Secilia akalikunja blanketi vizuri pembeni ili hewa isitoke. Walimzika Kristian siku chache baadaye, kabla Beatha hajaweza kusimama.

Kwenye rejesta walifuatana. Beatha Kristian, mke, 49, mafua. Kristian Yohana, mume, 55, mafua. Secilia naye aliugua mwezi uleule, akalala kitandani wiki mbili, na tangu hapo hakupanda kilima bila kusimama. Yeye mwenyewe hakujiandika kabisa.

Kwa hiyo jana aliandika. "Mimi mhudumu wa afya wa kijiji nathibitisha kwamba Beatha Kristian aliugua korona mwaka 2021 na tangu hapo pumzi yake haijarudi. Hawezi kubeba mawe." Beatha alimtaka aisome mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Nisomee lile neno tu," na Secilia akalisoma, na Beatha akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Mtendaji," Secilia alisema sasa, "cheti anacho."

Benjamini aliisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akamgusa Secilia kiwiko kwa adabu, wakaenda nyuma ya ukuta, penye mifuko ya saruji.

"Dokta, hili neno umelitoa wapi?"

"Ndilo lenyewe."

"Sikatai." Alishusha sauti zaidi. "Baba yangu alikwenda nalo. Sikatai hata kidogo. Nauliza limeandikwa wapi."

Akamtuma Timotheo ofisini, hatua chache tu kutoka hapo, naye akarudi na rejesta ya zamani, jalada limeliwa na panya. Benjamini alifungua mwaka wenyewe, akashusha kidole ukurasani bila haraka. Mafua. Mafua. Mafua. Mafua.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Mzuri kweli. Sasa huku mafua, huku korona, mkono uleule. Nikipeleka karatasi hii kata, wataniuliza ulidanganya lini, wakati ule au sasa. Niwajibuje?"

"Wakati ule. Niliambiwa."

"Na nani? Barua unayo?"

Hakuwa nayo. Benjamini alijua hana. Hata yeye maagizo yake mengi huyapata kwa simu.

"Tena fikiria," aliendelea, na ilionekana kweli inamuuma. "Nikimkubalia mama Beatha, Jumamosi ijayo nyumba arobaini zitakuja na karatasi. Nani atabeba mawe? Na hii zahanati si ni kwa ajili yao? Halafu jina lako nimelipeleka wilayani mimi mwenyewe. Uwe mhudumu wa hapa, mwenye mshahara. Watamkabidhi vipi rejesta mtu ambaye rejesta yake ya kwanza anaikana?"

Akamrudishia karatasi, na juu yake akaweka kalamu yake mwenyewe. "Siichani. Isahihishe tu."

Secilia aliishika ile kalamu. Baadaye angependa kujiambia kwamba aliwaza mshahara, na ada ya binti yake Yudith aliyeko chuoni, na mambo mengine ambayo mtu anaweza kuyataja mbele ya wenzake. Hakuwaza hayo. Aliwaza kwamba akinyang'anywa daftari, Jumamosi ijayo atasimama kule na ngata mkononi kama wengine. Aliliogopa korongo. Alilikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, kama walivyofundishwa kusahihisha kosa kwenye rejesta, juu yake akaandika mafua, pembeni akatia sahihi.

"Mafua hayamzuii mtu kubeba mawe," Benjamini alisema, bila kejeli yoyote. "Timotheo, kamlete mbuzi."

Mbuzi alifungwa kwenye fremu ya mlango, mahali ambapo siku moja wagonjwa watapita. Alilia mchana kutwa. Ilipofika saa tisa kiwele kilikuwa kimevimba mpaka anasimama amepanua miguu, maziwa yanamdondoka kwenye vumbi la saruji. Yusta alijaribu kumkamua ili wapate chai ya maziwa, akapigwa teke, watu wakacheka, halafu wakageukia njia.

"Mwenyewe huyo," mtu akasema.

Beatha alikuwa kwenye kona ya kwanza ya njia, ndoo ndogo mkononi. Alipiga hatua kama kumi, akasimama, akashika ukingo wa njia. Akaenda tena. Akakaa. Waliokuwa wanapandisha mawe walimpita, wakashuka, wakampita tena na mawe mengine, na kila aliyempita alimwambia pole mama, naye aliinua mkono tu. Secilia alimwona tangu mwanzo hadi mwisho. Bila kutaka alikuwa akipumua naye, akisimama kupumua pale Beatha aliposimama.

Ilimchukua karibu saa nzima.

"Onga mshi, mama," Timotheo alimwamkia kwa Kisambaa alipofika. Beatha hakuwa na pumzi ya kuitika. Timotheo akawageukia wenzake. "Kumbe kupanda anaweza."

Mmoja wa wanaume alicheka kidogo. Beatha alipita katikati yao, akapiga magoti penye fremu ya mlango, akaweka kichwa ubavuni mwa mbuzi wake. Mbuzi akanyamaza. Kwa muda kilichosikika ni maziwa yakigonga ndoo, na kifua cha Beatha kikipiga mluzi mwembamba.

Benjamini alimsubiri amalize. Alimwendea, akainama.

"Shikamoo mama."

Beatha alitikisa kichwa kuitikia.

"Mama, mimi si mtu mbaya. Watu wote wamekuona umepanda, nikikuachia hivihivi wataniuliza. Lakini kumi sikudai. Lete jiwe moja. Moja tu la leo, uondoke na mbuzi wako, na dokta anakuandika umefika."

Wanawake walinong'onezana kwamba mtendaji ana huruma. Beatha alimtafuta Secilia kwa macho, akamkuta kwenye tofali.

"Mdogo wangu," alisema, na kila neno lilikuja na safari yake. "Karatasi umempa?"

"Nimempa, dada."

"Ameisoma?"

"Ameisoma."

"Na lile neno?"

Benjamini alikuwa anaangalia saa yake. Yusta alikuwa anaangalia chini. Karatasi ilikuwa ndani ya daftari, juu ya mapaja ya Secilia, na alihisi kama ina moto.

"Amelisoma," Secilia alisema.

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa hilo alijichukia kuliko kwa uongo wote wa 2021. Beatha alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la hospitali. Hakumlaumu mtu. Alivua kanga ya mabegani, akaizungusha ikawa ngata.

"Basi niangalizie maziwa," alisema, akaiweka ndoo katikati ya miguu ya Secilia, akaanza kuteremka.

Kuteremka kulimwendea vizuri. Kwenye kona alitoweka.

Ukungu ulirudi mapema. Waliokuwa wamemaliza walinawa mikono kwenye pipa, wakakusanya nyundo, na Benjamini akataka majina yaitwe ya kufunga siku, maana watu wana mifugo nyumbani. Secilia alifungua daftari. Maziwa yalikuwa bado na uvuguvugu, mvuke mwembamba ukimpanda usoni, akageuza uso.

Aliita mawili, akavuta pumzi. Akaita mengine mawili. Watu waliitika haraka haraka na kuondoka mmojammoja.

"Beatha Kristian."

Mbuzi alikuwa amegeukia njia, masikio yamesimama. Wote waliobaki waligeukia huko. Ukungu ulikuwa umeshajaza korongo, na huko chini hapakusikika hatua, wala kikohozi.

"Beatha Kristian," Secilia aliita kwa nguvu zake zote, mpaka akakohoa, akashika tofali kwa mkono.

"Si yuko njiani?" Benjamini alisema. "Sote tumemwona akishuka. Weka alama ya kufika, dokta, giza linaingia."

Secilia aliweka alama, ndogo, safi, ndani ya mistari yake, akaita jina linalofuata.