Sureshi Hashushi Mguu

Kila asubuhi, jua likichungulia tu juu ya milima ya theluji, Sureshi alipanda jiwe bapa pembeni mwa shamba lake la matuta. Alikunja mguu wa kulia, akabandika unyayo kwenye paja la kushoto, kisha akainua mikono, viganja vikakutana juu ya kichwa. Mkao wa mti, aliofundishwa na baba yake angali msichana. Chini bondeni mto Alaknanda ulinguruma. Tangu awe mjane hakuna aliyemuuliza anapenda nini, na hili alilipenda.

Kaka mkubwa wa marehemu mumewe, Darban Singh, alilitazama shamba hilo udenda ukimtoka. Alishatuma maneno mara tatu: mjane ardhi ya nini? Aweke dole gumba kwenye karatasi, akaishi kwa binti yake mjini.

Sasa, kijijini pale mtu hasimami kwa mguu mmoja bure. Watawa wa kale walisimama hivyo miaka na miaka, mpaka miungu ikachoka ikawapa walichotaka. Wakata majani walipomwona Sureshi walinong'onezana kwamba yuko kwenye nadhiri, tena anamwombea mtu mabaya. Wakaanza kumwekea maua jiweni. Wiki hiyohiyo nyati wa kufugwa wa Darban akaacha kutoa maziwa, na dhamira ikikusuta, hata mbuzi akipiga chafya unashtuka.

Darban akapanda shambani mwenyewe. Alikohoa kutoka mbali, kama ilivyo ada, ili mke wa mdogo wake ajifunike uso. Kwa miaka thelathini Sureshi alikuwa akisikia kikohozi kile na kuvuta sari. Hata sasa mikono ilitaka kushuka yenyewe. Akaikatalia, kwa hasira ambayo hakujua anayo.

Darban akainamisha macho, maana hakuzoea kuuona uso ule.

"Shemeji, shusha mguu tuyazungumze. Unaniombea nini?"

"Sikuombei kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza Darban kuisikia sauti yake.

"Basi unaomba nini?"

"Siombi, shemeji. Shamba ni langu. Mtu anaombaje kilicho chake?"

Darban hakuondoka. Alisubiri. Hatimaye Sureshi akashusha mguu wa kulia, na mzee akashusha pumzi. Kisha Sureshi akakunja wa kushoto.