Funga Mlango

...kuchungulia tu, alijiambia, stendi za kulishikilia gari za nini kwa kuchungulia tu, na sasa hata kukohoa hawezi, Ndeti, fundi wa umeme wa magari, amelala chali kwenye saruji ya gereji pale Parklands na gari zima limemketia kifuani, gari la kitajiri la kule Karen lisilo na springi, linalosimama juu ya mifuko ya hewa, lilishuka pole pole kama ng'ombe anayelala, likasimama pale tu Harjit, mwenye gereji, aliporuka kutoka kwenye usukani, na sasa kilemba chake kinaonekana kwenye ule mwanga mwembamba kando ya gurudumu, "Ndeti! Wewe iko hai? Sema kitu!"... kusema kunataka pumzi, na pumzi anaivuta kidogo kidogo kama anayekunywa uji wa moto, "Ngoja mimi nazima injini naleta jeki," na sauti inamtoka asiyoijua, "Usizime!", maana injini ikizimwa pampu ya hewa nayo itanyamaza, na jeki gani itapenya hapa, hapa hata kiganja kinapita kwa shida... mfuko wa nyuma walibadilisha jana, gari likazidi kuinama, Harjit akasema ni valvu, yeye akasema ni waya, kumbe ni hii hapa karibu na pua yake, sensa ya kimo, kijisanduku cha plastiki chenye mkono mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na gurudumu, ndiyo macho ya kompyuta, nayo imelika ndani, gari limelala chini nayo inasema liko juu, juu mno, toa hewa, toa hewa... na Lornah, binti yake, saa hizi yuko darasani na begi la nguo, asubuhi aliuliza, "Na wewe mama utakuja lini Mombasa?", naye akamfunga kifungo cha sweta kilichokwisha kufungwa, mtoto anayekwenda kuchukuliwa leo shuleni na Makau apelekwe Mombasa, Makau baba aliyeondoka kabla mtoto hajaota meno, akarudi juzi na shati lililopigwa pasi, akasema mbele ya majirani, "Mtoto msichana halelewi na mwanamke wa kunuka grisi," na yeye, Ndeti, mwenye mdomo wa kujibu wanaume wote wa barabara hii, akainusa mikono yake mwenyewe akasema haya, mchukue... kidole gumba kimeufikia ule mkono wa sensa, kimeuchomoa kutoka kwenye gurudumu, sasa uko huru, unaweza kwenda juu, unaweza kwenda chini, njia moja itajaza hewa na nyingine itamaliza kazi, fikiri Ndeti, gari likishuka gurudumu huingia ndani, mkono hupanda, basi mkono kupanda ndiko gari kushuka, na kompyuta ikiona limeshuka itajaza hewa, ndiyo, au ni kinyume, mbavu zinalia, mama, mbavu... na mlango, mlango! gari hili mlango ukiwa wazi haliongezi hewa wala halipunguzi, ndiyo maana lilisimama Harjit aliporuka, mlango wazi ndio uliomwacha hai, na mlango huo huo usipofungwa hatatoka, "Harjit," "Niko hapa, watu nakuja kuinua," wangapi, kwa mikono, utelezi wa kidole cha mtu mmoja tu na basi, "Harjit, piga simu shuleni," "Simu? Wewe nashikwa na wazimu?" "Waambie Lornah haendi na mtu. Haendi. Mimi mama yake nitamchukua," na maneno hayo yamemla pumzi yote aliyokuwa nayo lakini ameyasema, hakuyanong'ona, hata wale wa gereji jirani wameyasikia, na Harjit anasema taratibu, "Napiga, dada, naapa napiga," na yeye anausukuma mkono wa sensa juu, juu zaidi, hadi ng'ambo ya pale palipolika, anaushikilia hapo kwa kidole, "Funga mlango," "Nikifunga itashuka!" "Harjit. Funga mlango," kilemba kinatoweka, inabaki injini peke yake, na kama amekosea basi amekosea, lakini mtoto haendi... mlango unagonga, valvu inalia tik, gari bado limemketia, chuma kile kile, mbavu zile zile, ila pumzi inayoingia sasa ni kubwa kidogo kuliko iliyotangulia.