Ndege Imeanguka

Fundi cherehani alikuwa akitia lasi kwenye pindo la gauni la mteja simu ilipolia. Ni mkwewe. Hata shikamoo hakutoa, naye kijana yule ana adabu ya kuamkia mpaka milango.

"Mama, ndege imeanguka. Huku kinamasini."

Mtandao ukakata.

Mguu ulimganda juu ya kanyagio. Bintiye, mke wa huyo huyo mkwe, alikuwa angani saa hiyo, na ndege za abiria hupita juu ya kinamasi kile. Ila mkwe naye kazi yake ni kulinda videnenda, vindege visivyojaza kiganja, vinavyoimba kwenye nyasi za majimaji. Kwake asubuhi ndege, jioni ndege. Sasa ndege gani?

Akakimbilia sarufi. Ndege wa manyoya *ameanguka*. Ya abiria ndiyo *imeanguka*. Lakini ngoja, si mkwe ndiye aliyesema juzi mbuzi "imekula" kamba? Bintiye humcheka kila siku kwamba kasoma mpaka basi, Kiswahili bado kinampiga chenga. Akampigia binti: hapatikani. Atapatikanaje naye yuko angani? Au hayuko tena?

Akavaa kiatu kimoja, akasahau cha pili, akasimama mlangoni. Muuza vitambaa wa duka la pili akamuuliza kulikoni.

"Sijui kama nimefiwa," akajibu, na ndivyo ilivyokuwa, hakujua.

Simu ikalia tena.

"Ndege gani, baba? Ya injini au wa mdomo?"

"Ya mdomo, Mama. Ile kidenenda. Dume ilibaki hiyo tu."

"Mungu ashukuriwe!" Kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akajishikilia mlango, machozi yakimtiririka kwa furaha.

Upande wa pili hakuna aliyecheka. Alimsikia kijana akivuta pumzi kwa shida.

"Nilikuwa naisikia kila nikiamka," mkwe alisema. "Leo kinamasi kizima kiko kimya. Mwenzangu yuko safarini, nikaona nikwambie wewe."

Aibu ikamshuka mwili mzima. Akaketi kizingitini, simu sikioni.

"Pole, mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa bado ina kicheko ndani yake.