Ua la Mkwe na Dirisha Langu

Kabla binamu yangu hajaja kukaa kwetu, chumba chenye dirisha kilikuwa changu. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Kimoja cha mama, kimoja changu, na sebule ni ya cherehani. Mama ni fundi wa nguo, kwa hiyo kwetu ukikaa bila kuangalia unakalia pini. Chumbani kwangu dirisha lina ukingo mpana, na hapo nilipanga mimea yangu kwenye makopo ya maziwa na vikombe vilivyokatika mikono. Mimi si mtu wa kuongea. Nikiulizwa kitu mbele za watu, jibu linapanda vizuri mpaka kooni, halafu linakaa hapo hapo. Mimea haiulizi mtu kitu, ndiyo maana tulielewana.

Binamu ni mtoto wa mjomba, kaka yake mama. Alipata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno mtaa wa pili, mama akasema aje, chumba cha mtoto ni kikubwa, watalala wawili. Akaja na masanduku, na ua moja kubwa kwenye chungu kilichofungwa karatasi ya kung'aa na utepe. Ua hilo alipewa na mama mkwe wake mtarajiwa, na alilibeba kama anabeba mkwe mwenyewe. Akasogeza makopo yangu pembeni, akaliweka katikati ya dirisha. Siku hiyo hiyo akanipa jina. Akaniita Bubu. Mama akacheka kidogo, akidhani ni utani wa dada na mdogo wake. Mimi kimoyomoyo nikampa la kwake, Spika, kwa sababu akianza huna pa kumzimia.

Baada ya muda nikaona vidudu vyeupe kwenye vikonyo vya majani, kama mtu amenyofoa pamba na kuibandika. Vilianzia kwenye ua lake. Niliviona kabla ya mtu yeyote, na nilitaka kusema, ila Spika alikuwa anasimulia habari za mgonjwa aliyemng'ata daktari, na alipomaliza hiyo akaanza nyingine. Vikahamia kwenye makopo yangu.

Sasa mama alikuwa amemaliza gauni jeupe la mteja, la harusi, na sebuleni hapakuwa na nafasi. Akalitundika kwenye bomba la pazia, dirishani kwetu. Hivyo vidudu vinanyonya utomvu wa mmea na kutoa majimaji yanayonata kama asali. Asubuhi bega la gauni lilikuwa na madoa, na sisimizi wamejipanga mpaka kwenye mkono wake.

Mama alisimama mlangoni na gauni mikononi. Hakupiga kelele. Mama akikasirika sauti yake inashuka, na hiyo ndiyo mbaya.

"Hawa wadudu wametoka wapi?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa kooni. Spika akanitangulia.

"Ni makopo ya Bubu, shangazi. Si anachota udongo jalalani? Mimi nilimwambia, mdogo wangu, huo udongo una wadudu. Hasikii."

Hajawahi kuniambia. Na udongo wangu nautoa shuleni, kwenye bustani ya mwalimu wa kilimo. Mama aliniangalia akisubiri nijitetee. Nikaangalia miguu yangu. Kwa mama hiyo ilikuwa ni kukubali.

Makopo yakatolewa yote, yakapelekwa uani karibu na bomba la kufulia. Na mimi nikatolewa pia. Mama alisema tangu leo nilale sebuleni, kwa kuwa nina mikono ya udongo na nguo za wateja zitahitaji mahali safi pa kutundikwa. Kwa hiyo nikawa nalala kwenye godoro chini ya meza ya cherehani, na vipande vya uzi vinaniingia masikioni. Bega la gauni mama alilikata, akaliunga upya kwa kitambaa alichonunua mwenyewe. Spika akabaki na chumba kizima, dirisha, na ua lake. Alilipangusa juu juu na kitambaa, akalipulizia marashi.

Nilimchukia mpaka nikawa nasikia njaa. Kila nikifua pale uani nilipanga jinsi ya kumkomoa. Nimwekee vidudu kwenye wigi. Nimwekee kwenye kikopo cha poda. Mipango ilikuwa mizuri ila yote ilihitaji mtu jasiri.

Basi nikaanza na makopo yangu, kwa sababu hayo hayakunikosea. Mwalimu wa kilimo anaviita vidung'ata, na anasema dawa ya kwanza ni macho na vidole, si chupa. Nikatenga mimea iliyoshikwa mbali na ile mizima. Nikakwangua sabuni ya kipande, ile ya kawaida ya mche, nikaiyeyusha kwenye maji mengi. Nikajaribu kwanza kwenye jani moja tu, nikasubiri mpaka kesho yake kuona kama litaungua. Halikuungua. Nikaosha jani kwa jani, juu na chini, chini hasa, maana ndiko wanakojificha. Kwenye vikonyo ambako kidole hakiingii nilitumia kijiti cha pamba chenye spiriti. Kisha nikatwanga majani ya mwarobaini, yakalala kwenye maji, nikachuja, nikanyunyiza jioni jua likiwa limepoa. Nikarudia kila wiki, kwa kuwa ukiua wakubwa mayai yanabaki yanakucheka.

Kila kopo nililiweka juu ya jiwe, jiwe ndani ya sahani ya maji. Hiyo ni kwa ajili ya sisimizi. Watu wengi wanawapuuza, lakini sisimizi ndio wachungaji wa hivi vidudu. Wanayapenda yale majimaji matamu, kwa hiyo wanavilinda, na wanavibeba kutoka mmea mmoja kwenda mwingine kama mtu anayehamisha ng'ombe. Walipokuta maji kwenye sahani zangu waligeuka. Nikawafuata kwa macho. Walipanda ukuta, wakapita kwenye ufa wa dirisha, wakaingia chumbani kwangu cha zamani.

Nikawaacha waende na kazi yao.

Kufagia kile chumba ilikuwa bado zamu yangu. Siku moja Spika akiwa kazini nikainua jani moja la ua lake. Chini kulikuwa kumejaa, kweupe tupu, wakubwa kwa wadogo. Ningeweza kulisafisha kabla hajarudi. Sabuni ilikuwepo, mwarobaini ulikuwepo. Nikalirudisha lile jani polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, nikaendelea kufagia. Siku hiyo nilikula vizuri sana.

Ua likaanza kuwa la njano. Mwanzoni Spika alisema ni baridi. Halafu simu ikaja. Mkwe anakuja Jumapili ya wiki inayofuata, aje kuzungumza na mama habari za posa, na amesema ana hamu ya kuona ua lake limefika wapi.

Spika alikimbia huku na huku. Akalipulizia mafuta ya nywele ya kung'arisha, akisema majani nayo yanataka kuvutia. Jua la mchana likapiga kwenye kioo, yale mafuta yakaivisha majani kama yamekaangwa. Kesho yake akamwagia maji ya sabuni ya unga, povu mpaka kwenye mizizi. Majani yakaanza kudondoka. Nilikuwa nayaokota kwenye ufagio, moja moja, na kila moja nililifurahia peke yake.

Jumamosi asubuhi, kesho yake mkwe ndiyo anakuja, Spika alitoka uani kumwaga maji akasimama. Makopo yangu yalikuwa yamechipua, kijani mpaka unaona aibu. Akayaangalia, akaniangalia mimi.

"Mdogo wangu," akasema.

Tangu amefika hakuwahi kuniita hivyo tukiwa wawili. Nikaendelea kufua.

"Mdogo wangu, ulifanyaje?"

Akaniahidi viatu. Akaniahidi kunipeleka kliniki nikapimwe meno bure. Nilisuuza sketi, nikaikamua, nikaianika. Nilikuwa naogopa sauti yangu isije ikanikimbia tena, kwa hiyo nikachagua maneno machache.

"Mwambie mama vidudu vilitoka wapi."

Akacheka, akasema hayo mambo ya zamani. Nikachukua ndoo ya pili.

Akaingia ndani. Nikamfuata na mikono yangu ya povu. Akaanza kuzunguka, kwamba shangazi, unajua hawa wadudu wanaweza kutoka popote, hata hewani. Mama anashona. Mimi nikatingisha kichwa. Akasema labda vilitoka kwenye mimea yetu sote wawili kwa pamoja. Nikatingisha tena, nikageuka kurudi uani.

"Vilikuja na ua langu," akasema haraka. "Vilikuwepo tangu mwanzo. Huyu hakuchota udongo jalalani, mimi nilisema tu."

Mama akaweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani, likasimama. Akamwangalia Spika muda mrefu, halafu akaniangalia mimi, na niliona anakumbuka godoro.

"Hamisha vitu vyako," akamwambia Spika. "Leo. Ulale hapa, uone uzi unavyoingia masikioni."

Hapo ndipo nilipompa dawa. Lakini sikumfanyia. Nilikaa kwenye kitanda changu, dirishani kwangu, nikamwelekeza kwa kidole. Akate majani yaliyoungua. Akaushe na kutoa udongo wa juu uliojaa povu. Avue ile karatasi ya kung'aa, maana ndani yake walikuwa wamejaa. Jani kwa jani, juu na chini, kijiti cha pamba kila kikonyo. Kucha zake alizopaka kwa ajili ya mkwe zikaingia sabuni. Akiruka kikonyo nilikuwa nagonga ukingo wa dirisha, anarudi.

Na nikaongeza hatua moja ambayo mwalimu wa kilimo hajawahi kuitaja. Nikamwambia lazima aliombe radhi kila jani, kwa sauti, la sivyo mmea unagoma.

"Unanitania."

Nikanyamaza. Kunyamaza najua.

Mama alipita mlangoni akiwa na mkasi, akamkuta mpwa wake anaongea na jani, samahani sana, samahani na wewe. Akasimama, akanitazama, akaendelea na safari yake. Nikasikia anakohoa jikoni, na haikuwa kikohozi.

Jumapili mkwe akaja, mama mnene mwenye sauti ya upole. Ua, ambalo Spika alilileta sebuleni, lilikuwa limebaki nusu, kipara upande mmoja, lakini safi kabisa, na chipukizi moja juu. Mkwe akalizunguka, akainua majani, akatazama chini yake. Halafu akashusha pumzi. Akasema ya kwake nyumbani yote yana kitu cheupe kama pamba, ameshindwa, majirani wamemwambia atupe. Nani ametibu hili?

Sebule nzima ikaniangalia mimi. Yaani mama alitaka kunitaja, akafungua mdomo kabisa. Ila Spika ni Spika.

"Ni mimi, mama. Kwa mikono yangu mwenyewe. Jani kwa jani."

Haikuwa hata uongo. Mama akageuka kwangu, na jibu safari hii halikuwa kooni, lilikuwa kwenye ulimi kabisa, tayari. Nikalimeza kwa hiari yangu.

Mkwe akampiga Spika begani kwa furaha. Akasema Mungu amemletea binti wa kazi, kwamba ana baraza mbili zimejaa vyungu mpaka kwenye ngazi, na Jumamosi aje mapema, waanze na baraza ya mbele. Na hiyo dawa, kama alivyosikia, inarudiwa kila wiki, si ndiyo?

"Kila wiki," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza mgeni kunisikia. Mkwe akaniambia nina sauti nzuri.

Mkwe alipoondoka Spika alinifuata dirishani. Aliongea taratibu, akaniita mdogo wangu mara nyingi sana, akasema tukienda wawili kazi itakuwa nyepesi, na mimi ndiye mwenye mkono.

Nikamwambia Jumamosi nina masomo.