Mashine Moja ya Kuchambulia Karafuu

Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, Bi Mize alikaa barazani kwake Mgogoni, mguu mmoja kaunyoosha, anachambua karafuu na bintiye Asya. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mwaka wa pili unatetemeka, na ulitetemeka zaidi ukipumzika kuliko ukifanya kazi. Asya alimtilia mama yake vichala viwili kiganjani ili apate nafasi ya kujifunga kanga vizuri. Mkono ukatetemeka. Karafuu zikaangukia kulia, makonyo, vile vijiti vyake, yakaangukia kushoto.

Asya akammwagia kiganjani pishi nzima, kidogo kidogo. Ikawa vile vile.

"Usiondoke, mama," alisema. "Nakwenda kuleta gunia."

Magharibi haijaadhiniwa, magunia matatu yalikuwa yamekwisha. Jumatano walikuja watu wa kijiji jirani, Wawi, na magunia yao. Hakuna aliyeshangaa, waligombea foleni tu, mpaka Sheha Zubeir, mkuu wa kijiji, akaleta daftari la majina. Mkono ulipoanza kutetemeka, watu wale wale ndio waliosema Bi Mize kapandwa na shetani, wakamchinjia mbuzi mweusi, nyama wakala wao. Sasa shetani hakutajwa tena.

Bi Mize hakuwa na haja na magunia. Haja yake ilikuwa kofia ya mjukuu wake Talib, anayeoa mwisho wa msimu. Wanaume wote wa nyumba ile walikwenda kuoa na kofia alizozishona yeye. Hii ilikuwa imefika nusu, na sindano haikamatiki.

Mwezi ule madaktari walipiga kambi ya siku mbili Gombani, Asya akampeleka mama yake. Daktari Laila alimtazama anavyotembea, hatua fupi fupi, akautazama uso wake uliokakamaa, kisha akauliza:

"Bi Mize, harufu unazisikia?"

"Mwaka wa tano huu sisikii, mwanangu. Karafuu kwangu kama mchanga."

"Basi ugonjwa ulianzia hapo, kabla ya mkono. Unaitwa Parkinson. Ndani ya ubongo kuna kemikali inayoendesha mwendo wa mwili, na kwako inapungua. Si shetani. Hauponi, lakini una dawa, levodopa: mara tatu kwa siku, kabla ya kula. Na usiiache ghafla."

Akampa vidonge vya wiki mbili, ndivyo vilivyokuwapo. Vyengine, alisema, vitaletwa kituo cha afya.

Wiki mbili mkono ulitulia. Bi Mize alifunga vifungo vyake mwenyewe, akanywa chai isimwagike, akaishona kofia mpaka ikabaki mistari mitatu. Karafuu alizotiliwa kiganjani zilikaa kama zilivyotiwa. Foleni ikanuna.

"Vidonge hivyo si angengoja msimu uishe?" alisema Nassor wa Wawi, mtu wa kumi na nne kwenye daftari.

"Weye ukipata homa hungoja msimu?" Asya alimjibu.

"Homa yangu haichambui kitu."

Siku ya kumi na tano Asya alikwenda kituoni. Muuguzi Bakar akamwambia dawa haijafika, barabara mbovu, gari hakuna. Bi Mize alipoambiwa, alikumbuka. Alikuwa msichana wakati gari za kusaka magendo ya karafuu zilipokuwa zikija kwa barabara hiyo hiyo, mvua inamwagika, askari wakaingia mpaka uvunguni mwa kitanda chake. Na hata siku hiyo ya kumi na tano, gari ya kuchukua magunia ilipita asubuhi, ikapita na jioni.

Mkono ulirudi, na foleni ikarudi. Sheha aliandika barua kwa wakubwa, akaeleza ugonjwa, akaeleza mkono, akaomba dawa. Majibu yalikuja haraka, yana muhuri. Ofisi imefurahi kusikia kwamba kijiji kina mashine moja ya kuchambulia karafuu, na inaleta turubai la kuikinga na mvua. Vidonge havikutajwa. Turubai lilifika, likafungwa juu ya baraza siku hiyo hiyo. Lilikuwa zito, zuri, wala halikuvuja.

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya ndoa, Bi Mize aliomba aletewe kofia, mistari ile mitatu aipige hivyo hivyo. Asya akamwekea kiganjani. Mkono ukatetemeka. Uzi wote ukaangukia kulia, kitambaa kitupu kikaangukia kushoto.

Bi Mize aliutazama uzi, kazi yake yote ile, akaukunja kwa mkono wa kushoto na kuutia mfukoni.

Talib alikwenda kuoa na kofia ya dukani. Chini ya turubai, Nassor akasukuma gunia lake mbele.